Zahanati Iliyokamilika Bungeni

Shuleni, Lushoto
24 Aprili 2023

Mjomba Twaha,

Shikamoo. Natumaini Idi imewakuta salama, wewe na Mama Ismaili, Ismaili na mkewe Asha, na yule mbuzi wako mwenye kiburi kuliko diwani. Sisi huku Idi tumeila kwa pilau la nyama moja moja, na yangu ilikuwa mfupa. Kupiga simu haturuhusiwi. Matroni anasema simu yake ni ya misiba tu, na mimi sitaki mtu afe ili nipate nafasi ya kuwasalimu. Barua hii atakuletea Alen akipandisha Fuso lake kufuata kabichi.

Kilichonifanya nichane karatasi ya daftari ni hiki. Mwezi ujao shule inapeleka wanafunzi arobaini Dodoma kuiona Serikali ikifanya kazi. Ndivyo tangazo lilivyoandikwa. Mwenzangu Janeth akauliza kwani siku nyingine huwa haifanyi, akapewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya choo. Mwalimu Perpetua, mlezi wa klabu ya uraia, alichagua wasafiri kwa kupita mstarini akitazama viatu. Akili hakuiuliza. Vyangu vina ufa, lakini nilikuwa nimeupaka masizi, nikapita.

Sasa kila jioni tunafanya mazoezi ya kusimama na kukaa, maana Spika akitutaja inabidi tusimame pamoja na tukae pamoja bila viti kulia. Nimekaa na kusimama hadi magoti yananiuma. Kama kutawala nchi ni kazi ngumu kama kuitazama ikitawaliwa, basi nawahurumia.

Lakini lipo moja la maana. Siku tutakayoingia, Mbunge wetu ana swali, na swali lenyewe ni la zahanati ya Kwezinga! Lile boma letu lililoishia kwenye lenta, kuta bila paa, lenye mipapai ndani. Miaka yote hii, na mimi nitakuwepo kulisikia likijibiwa. Nilipoambiwa nilijifanya sijali, kisha nikaenda bwenini nikalia.

Nimeweka fomu ya ruhusa humu. Isaini wewe kama mlezi, umpe Alen airudishe kabla ya tarehe nane.

Mpwa wako,
Sabra


Kwezinga
5 Mei 2023

Mwanangu Sabra,

Marahaba. Sote wazima, tunamshukuru Mola. Alen alikaa na barua yako siku tisa, anasema iliteleza chini ya kiti. Na huyo ndiye tunayemwamini na kabichi zetu. Mbuzi hajambo, amekula kamba yake. Habari kubwa ni Asha: ni mjamzito. Mama Ismaili amehesabu kwa vidole akasema Novemba, na wewe unaijua njia yetu ya Novemba.

Umenichekesha na safari yako. Mimi viongozi nimewaona tangu wakija na Land Rover ya turubai hadi sasa wanakuja na magari ya vioo vyeusi. Ni wale wale. Anateremka, anauliza choo kiko wapi, anasifu hewa yetu ya baridi kana kwamba tuliitengeneza sisi, anafungiwa tenga la pea, anaondoka. Hujawahi kumwona hata mmoja akirudisha tenga. Kwenda mpaka Dodoma kuwatazama ni kwenda sokoni kutazama maganda.

Hilo swali la zahanati halinisisimui. Mbunge amekalia kiti kile tangu ungali shule ya msingi, leo ndiyo anakumbuka? Ukiwa kule juu tazama wanavyovaa, tazama mazulia, uje utusimulie tucheke. Majibu yao usiyatie moyoni. Nimekwambia, usiyatie moyoni.

Fomu amesaini Mama Ismaili. Mimi siku hizi sisaini karatasi za Serikali, macho yangu hayapendi maandishi madogo.

Mjomba wako,
Twaha Shemboza
Mwenyekiti, Kamati ya Ujenzi


Shuleni
27 Mei 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mpe Asha hongera, na mwambie aache kubeba magunia, namjua. Mimi ni mzima ila nina mafua ya Dodoma. Ndani ya Bunge kuna baridi ya mashine, na sisi tuliotoka kwenye baridi ya bure ndiyo tuliotetemeka. Sweta zilibaki kwenye basi kwa sababu Mwalimu Perpetua alisema zinatuonyesha watu wa milimani.

Uliniambia nitazame, nikatazama. Tuliketi juu jukwaani, wao chini. Mmoja alikuwa amelala, na amelala vizuri, kwa uzoefu. Mwingine alipiga meza kila wenzake walipopiga, bila kuinua macho kwenye simu yake. Ungemwambia Kwezinga imezama angepiga meza pia. Tulipotajwa tukasimama kama tulivyofundishwa, viti havikulia, nao wakatupigia meza. Mwalimu alifuta machozi. Nikasema moyoni, huyu naye.

Kisha likaja swali. Mbunge wetu alisimama akaweka koti sawa, akasoma: ni lini Serikali itakamilisha boma la zahanati ya kijiji cha Kwezinga lililojengwa kwa nguvu za wananchi? Mjomba, mwili wote ulinisisimka. Nilimkumbuka mama. Nilimwona yuko kwenye machela, na wewe mbele umeshika mti, na mvua. Nikasema, haya, sasa.

Naibu Waziri akasimama. "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri naomba kujibu kama ifuatavyo." Akajibu kwamba zahanati ya Kwezinga ilikamilika Juni 2021, imeezekwa, ina vitanda sita, na inatoa huduma.

Nilidhani nimesikia kijiji kingine. Mbunge akasimama tena. Nikadhani sasa atawaka. Akasema, "Namshukuru Naibu Waziri kwa majibu mazuri," halafu akauliza habari za daraja la kata nyingine kabisa. Majibu mazuri! Mtu anakutemea mate, wewe unamshukuru kwa kukunawisha uso.

Naibu Waziri aliinua karatasi, akasema hiyo ni taarifa ya ukaguzi, imesainiwa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kijiji. Alisema na mengine, siyakumbuki vizuri.

Sasa nakuuliza, kwa heshima zote. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya Kwezinga ni nani?

Likizo sitakuja, kidato cha tano tumebakizwa kwa kambi ya masomo. Jibu kwa Alen.

Sabra


Kwezinga
1 Julai 2023

Mwanangu Sabra,

Marahaba. Huku baridi imeshuka, kabichi zimenawiri lakini madalali wanataka kuzichukua kwa bei ya majani. Mama Ismaili anasumbuliwa na goti. Asha anakula udongo wa kichuguu na kumnunia Ismaili, kila mtu anasema ni mtoto wa kike. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mwenye baka jeupe. Shabani wa bondeni ameoa tena, mke wa tatu, na nyumba bado ina chumba kimoja. Msikiti tumeupaka chokaa.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi umefika Dodoma na kurudi salama. Soma sana. Meza vidonge vya mafua.

Mjomba wako,
Twaha Shemboza
Mwenyekiti, Kamati ya Ujenzi


Shuleni
16 Julai 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kwa mapacha wa mbuzi. Nimefurahi kwa chokaa ya msikiti. Shabani nampa pole, na wake zake nawapa pole zaidi.

Niliuliza swali moja, nikaletewa kijiji kizima isipokuwa jibu. Unajua nani mwingine anajibu hivyo? Nimewaona Dodoma, wana viti vya kuzunguka. Wewe huna kiti cha kuzunguka, lakini umezunguka vizuri kuwashinda.

Siku ya arobaini ya mama ulichukua jiwe, ukaliweka pale kilimani, ukaapa mbele ya watu kwamba hakuna mwanamke mwingine wa Kwezinga atakayefia njiani. Nilikuwa na miaka tisa na nililiona lile jiwe. Watu walikufuata kwa sababu ya maneno yale. Umebeba mawe miaka mingapi? Na sasa Serikali inasema wewe mwenyewe umeiandikia kwamba kazi imekwisha, haina haja ya kuleta hata bati moja. Na Asha anajifungua Novemba.

Kama hukusaini, niambie, nitawalaani wao. Kama ulisaini, niambie pia. Ila usinitajie tena mbuzi.

Sabra


Kwezinga
13 Agosti 2023

Sabra,

Marahaba. Watu wazima. Mbuzi sikutajii.

Nilisaini.

Umeridhika? Sasa ngoja nikuoneshe unavyojifanya hujui. Unakumbuka Juni ile, mtendaji alipokuja mbio kusema mgeni mkubwa wa ukaguzi anapita keshokutwa kutazama maboma ya zahanati. Kijiji cha ng'ambo kilikuwa kimeshasifiwa, picha zao zikatundikwa ofisi ya kata. Sisi tulikuwa na kuta na mipapai. Tukakaa kikao. Hakuna hata mtu mmoja aliyesema tumwoneshe mgeni mipapai. Mgeni haoneshwi aibu ya nyumba. Ndivyo tulivyolelewa, na kwa malezi hayo tumekuwa wajinga wa kupigiwa mfano.

Tukapiga ngwilizi, kazi ya pamoja, kijiji kizima mikono. Tukang'oa bati kwenye nyumba kumi na nne na kwenye madrasa, kila bati limeandikwa jina la mwenyewe kwa mkaa ili lirudi kwake. Tukasimamisha miti ya mikaratusi badala ya kenchi za paa. Vitanda sita tukaazima kwa masista, tukawaambia tuna harusi. Kuta za mbele tukapaka chokaa, za nyuma tukaziacha, maana mgeni hazunguki nyuma. Kwa siku moja na nusu. Miaka yote tulishindwa kuezeka, na kwa kudanganya tukaezeka siku moja na nusu! Nilisimama pale nikatazama, na nisikufiche, nilijisikia fahari.

Tulidhani akiona tumejitahidi, atatuongezea dawa na nesi. Akatazama, akasema hongereni sana, Kwezinga mmekamilisha, fedha za bati ziende kwa wasiokamilisha. Akanipa kalamu. Watu wote wako nyuma yangu wanapiga makofi. Ningemwambia nini? Kwamba mheshimiwa, ngoja tukueleze, paa hili ni la akina fulani na fulani? Nikasaini. Akapewa tenga la pea. Kesho yake kila mtu akachukua bati lake.

Nawadharau wale wa Dodoma, na sitaacha. Lakini mimi nadhani ni mnyonge zaidi yao, maana wao walidanganywa na sisi, na sisi tulijidanganya wenyewe bila kulipwa.

Na wewe usinirushie jiwe la arobaini. Ni nani aliyekaa kwenye lile benchi la wagonjwa, mguu umefungwa kipande cha kanga, akamwamkia mgeni kwa sauti tamu? Sikukulazimisha. Ulijileta.

Twaha


Shuleni
3 Septemba 2023

Mjomba,

Shikamoo.

Nilikuwepo kwenye benchi. Nilikuambia mengine siyakumbuki vizuri, ulikuwa uongo. Nayakumbuka neno kwa neno. Naibu Waziri alisoma hivi: "Msichana mmoja aliyekutwa akipatiwa huduma alisema kwamba tangu zahanati ifunguliwe, hawabebi tena mtu kwa machela." Kisha wakapiga meza, Mjomba. Waliyapigia meza maneno yangu, nami niko juu yao nimevaa sare, nimenyamaza.

Nimejiuliza kwa nini nilisema vile. Mwalimu hakunituma, wewe hukunituma. Yule mgeni aliinama akaniuliza kwa upole, ana kalamu mkononi, na nilitaka sana iwe kweli. Nilimtumia mama yangu kumfurahisha mtu wa kalamu. Tangu Mei nikisikia mtu anawacheka wabunge, nacheka naye kama vile mimi simo.

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa Oktoba kuna mahafali ya kidato cha nne, mgeni rasmi anatoka wilayani, na mimi nimechaguliwa kusoma taarifa ya safari ya Dodoma. Mwalimu Perpetua ameshaisahihisha mara mbili kwa wino mwekundu. Kila penye "sikuridhika" ameandika "nilivutiwa". Nitasoma ninayoijua mimi. Nitasema nani alikaa kwenye benchi. Jina lako sitalitaja, lakini kila mtu wa Kwezinga atajua.

Kwa hiyo sema wewe kwanza. Waambie watu mkutanoni, kisha andika wilayani kwamba ile taarifa ni ya uongo na umeisaini. Asha amebakiza miezi miwili. Sitaki wasikie kwangu kabla hawajasikia kwako.

Sabra


Kwezinga
22 Oktoba 2023

Mwanangu Sabra,

Marahaba. Asha amekuwa mzito, miguu imevimba, humwambii kitu. Mama Ismaili amempaka dawa za kienyeji hadi ananuka kama ghala. Mvua zimeanza mapema na kwa hasira. Njia ya chini imekatika mara mbili.

Nimesema. Niliitisha mkutano, nikasimama, nikaeleza. Nikawasomea barua niliyoiandikia wilaya, jina langu chini. Unadhani walikasirika kwa sababu nilisaini? Hata! Walikasirika kwa sababu nimesema. "Umetuvua nguo," ndivyo Shabani alivyofoka, mtu mwenye wake watatu na suruali moja. Mzee mmoja akasema mimi ni msaliti kuliko walioturoga. Wakaniondoa uenyekiti palepale kwa kunyoosha mikono, na mkono wa mwanangu Ismaili niliuona, haukuwa chini.

Wakamchagua Shabani. Wiki hii wilaya imejibu: mkaguzi anakuja Novemba kuhakiki hali halisi. Hali halisi, wameandika hivyohivyo. Na Shabani anafanya nini? Ameitisha ngwilizi. Wanang'oa mabati tena! Wanasema wakikutwa na kuta tupu itakuwa kweli walidanganya, hivyo dawa ni kuezeka vizuri zaidi ya mara ya kwanza. Safari hii watapaka na kuta za nyuma. Nimewaambia huyu anakuja kutupa bati kama hatuna. Wakaniambia nimezeeka. Mvua ya Novemba, na watu wanatoa mapaa juu ya watoto wao ili kumkinga mkaguzi asinyeshewe.

Sijawahi kuwapenda na kuwadharau watu kwa pamoja namna hii.

Twaha


Shuleni
1 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa uenyekiti, na kwa Ismaili. Umefanya kweli, na mimi najivunia kuwa mpwa wako. Sijakuambia siku nyingi.

Mimi nami nimesoma. Nilisoma yote: bati zenye majina ya mkaa, vitanda vya harusi, benchi, maneno yangu, meza zilivyopigwa. Mwalimu Perpetua alisimama, akakaa, akasimama.

Unajua mgeni rasmi alifanya nini? Alicheka, Mjomba. Alicheka mpaka akavua miwani. Alidhani ni maigizo. Akasema nina kipaji cha sanaa, shule iniendeleze, akaniita mbele akanipa mkono na kalamu ya zawadi. Ukumbi wote ukapiga makofi. Nikamwambia, "Mheshimiwa, ni kweli." Akasema, "Ndiyo uzuri wake, inafanana na kweli."

Hata adhabu sikupewa. Nilijiandaa kufukuzwa, nikapewa kalamu. Kwa hiyo kimebaki cha huko kwenu. Usimwache Shabani amwoneshe mkaguzi lile paa. Mzuie njiani, mlalie barabarani, fanya unavyojua. Na nijulishe habari za Asha.

Sabra


Kwezinga
26 Novemba 2023

Mwanangu Sabra,

Marahaba. Najua umesubiri. Naanza na unalolisubiri: Asha yu hai, na mtoto yu hai, wa kike. Sasa kaa nikueleze.

Siku ya mkaguzi watu waliamkia kwenye zahanati. Paa limekaa, chokaa mbele na nyuma, benchi limejaa wagonjwa wazima kama fahali, wamefungwa vitambaa. Safari hii walimvisha kijana mmoja koti jeupe. Mimi nilikuwa najiandaa kumpokea mkaguzi chini njiani, nimwambie asipande na imani yake. Mara Mama Ismaili akapiga kelele. Asha uchungu umemshika, na damu imetangulia.

Nilikimbilia zahanati kuomba wabebaji. Nikasema Asha anakufa. Shabani akasema, "Subirini mgeni aondoke, tukitoka benchi litabaki tupu." Ismaili alikuwa kwenye benchi, kitambaa kichwani. Alimtazama Shabani, akakivua kile kitambaa, akainuka. Wakainuka wengine watatu. Wengine walitazama chini. Tukamweka Asha kwenye machela tukashuka, na tulipita mbele ya mlango wa zahanati, maana njia ni hiyo moja. Asha aliitazama, akacheka kwa maumivu, akasema, "Baba, mbona hamnipeleki hospitali mpya?"

Kwenye kona ya pili, pale ukingo unapobana, tukakutana na gari la mkaguzi linapanda. Njia ni ya mmoja tu. Mkaguzi, kijana tu, akatoa kichwa dirishani kwenye mvua. Akaniuliza, na hakuwa na ubaya wowote, "Mzee, mbona mnamteremsha mgonjwa? Zahanati si ipo hapo juu?"

Nikamwambia, "Hiyo ni ya wageni, mheshimiwa. Sisi tukiugua tunashuka."

Akafungua mlango, akashuka kwenye tope na viatu vyake, akasema mwekeni ndani. Gari haliwezi kugeuka pale, unapajua, kwa hiyo dereva akalirudisha kinyumenyume, kona kwa kona, karibu nusu saa, mkaguzi anatembea nyuma yake akionesha njia kwa mikono. Mtoto alizaliwa humo ndani kabla hatujafika pa kugeuzia, Mama Ismaili akimpokea. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya Serikali kwa Kwezinga, na imetolewa ikirudi nyuma. Hata hivyo imetolewa, na yule kijana nimemwombea dua.

Tulipofika hospitali Asha akaongezewa damu. Mkaguzi alikaa na mimi kwenye korido, faili mapajani, limelowa. Akaniambia, "Mzee, sijui niandike nini. Sikufika hata eneo lenyewe."

Nikamuuliza, "Zahanati uliiona?"

"Sikuiona."

"Basi andika hivyo."

Akaandika: zahanati haikuonekana. Nikaomba anisomee kwa sauti, akanisomea, nikaomba kalamu. Akasema anayetakiwa ni mwenyekiti. Nikamwambia mwenyekiti yuko juu anawauguza wazima. Nikasaini kama mwananchi.

Kama bati zitakuja, sijui. Nimeishi vya kutosha, siwezi kukuahidi neno la Serikali. Nilipanda jioni peke yangu. Nikawakuta bado wako kwenye benchi wanasubiri, vitambaa miguuni, koti jeupe limelowa, na huko majumbani kwao mvua inaingia kwenye unga na kwenye magodoro. Wakaniuliza mgeni yuko wapi, na amesemaje. Nikawaambia ameshaondoka, na ameandika kwamba Kwezinga hakuna zahanati.

Wakanitukana, mmoja baada ya mwingine, na Shabani akanitukania na mama yangu. Niliwaacha wamalize. Wakati bado wananitukana, Ismaili naye akarudi kutoka hospitali, damu ya mkewe kwenye shati. Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, akatafuta bati lenye jina lake, akaanza kuling'oa.

Mjomba wako,
Twaha